Gadolini katika sindano ya MRI: mambo ya kuuliza kabla hujachomwa

Daktari amekuandikia kipimo cha MRI, na chini ya fomu ameongeza neno "kontrasti". Ukifika mapokezi unaambiwa kuna dawa utachomwa kwenye mshipa, dawa hiyo inalipiwa peke yake, na kabla ya yote ulete majibu ya figo. Wagonjwa wengi huitikia tu, hutia sahihi na kulala kwenye kitanda cha mashine bila kujua wanachomwa nini. Ndani ya kichupa kile mna metali iitwayo gadolini, mojawapo ya madini adimu yanayotajwa sana siku hizi kwenye habari za uchimbaji. Gadolini ikiwa huru mwilini ni sumu. Ikifungwa vizuri, huwawezesha madaktari kuona uvimbe wa ubongo, usaha na kifua kikuu cha uti wa mgongo ambavyo pengine vingepita bila kuonekana. Usalama wako unategemea mambo mawili: namna ilivyofungwa na hali ya figo zako. Yote mawili una haki ya kuyauliza kabla ya sindano.

Tuanze na metali yenyewe. Gadolini ina rangi ya fedha, na ni namba 64 katika jedwali la elementi. Aliyeigundua ni Jean Charles Galissard de Marignac, mkemia wa Uswisi, mwaka 1880 huko Geneva. Jina linamkumbuka Johan Gadolin wa Finland, ambaye mwaka 1794 alichunguza jiwe jeusi zito kutoka machimbo ya Ytterby, Sweden, na kukuta ndani yake kitu ambacho kemia ilikuwa haijakijua. Leo ukoo huo wa madini adimu una elementi 17. Huitwa adimu ingawa si kwamba hayapo: yametawanyika kidogo kidogo kwenye miamba, na kwa kuwa yanafanana mno kitabia, kuyatenganisha ni kazi ngumu na ya gharama. Kwetu Afrika Mashariki yapo Ngualla mkoani Songwe, mlima Mrima kule Kwale, Gakara nchini Burundi na Makuutu nchini Uganda. Hata hivyo gadolini huwa sehemu ndogo tu ya mashapo ya namna hii. Kinachowavuta wawekezaji zaidi ni neodimi na praseodimi za kutengenezea sumaku za magari ya umeme. Sehemu kubwa ya usafishaji wa metali hizi duniani hufanyika China.

Kwa nini basi hospitali ihitaji metali hii? Mashine ya MRI ni sumaku kubwa sana. Haitumii eksirei, na dawa ya gadolini si dawa ya nyuklia, kwa hiyo hofu ya mionzi iweke kando. Mwili wako kwa sehemu kubwa ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha atomu ya haidrojeni ni kisumaku kidogo. Ukiwa ndani ya mashine, visumaku hivyo hujipanga kuifuata sumaku kubwa. Mashine hutuma mawimbi ya redio yanayovitoa kwenye mstari, halafu husikiliza vinavyorudi. Haidrojeni iliyo ndani ya mafuta, ndani ya misuli na ndani ya uvimbe hairudi kwa kasi moja, na kutokana na tofauti hiyo kompyuta huchora picha.

Gadolini ina elektroni saba zisizo na wenza, na hizo huifanya iwe na nguvu kubwa ya kisumaku. Maji yanayopita karibu nayo hurudi kwenye mstari haraka kuliko mengine, na mahali hapo huonekana peupe kwenye picha. Maji hugusana na gadolini na kuondoka mara milioni kadhaa kwa sekunde. Ndiyo sababu mililita chache za dawa hutosha mwili mzima.

Faida yake huonekana zaidi kwenye ubongo. Kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo huzuia vitu vingi visipite, na dawa ya gadolini ni mojawapo ya vitu hivyo. Ukuta ukiwa mzima, dawa hubaki ndani ya damu na kupita zake. Ukuta ukiharibiwa na saratani, jipu, toksoplasma kwa mtu mwenye VVU, au homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu, dawa huvuja pale pale penye ubovu. Daktari bingwa wa radiolojia akitazama picha ya jipu la ubongo, kwa kawaida huona pete nyeupe inayong'aa, katikati pakiwa peusi: pete ni ukuta wa jipu uliojaa mishipa ya damu, na weusi ni usaha ambao dawa haikuufikia. Bila gadolini pete hiyo haionekani vizuri.

Sasa tuje kwenye sumu, kwa maana hapo ndipo wanabiokemia, yaani watafiti wa kemia ya viumbe hai, walipoikuta metali hii ikiwafaa kwa namna nyingine kabisa. Gadolini ikiyeyuka kwenye maji hupoteza elektroni tatu na kuwa ayoni, yaani atomu yenye chaji ya umeme. Ukubwa wa ayoni hiyo unakaribiana sana na ule wa ayoni ya kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayoamrisha moyo ujikunje, neva zipeleke taarifa na misuli ifanye kazi, na kila seli ina milango yake maalumu. Gadolini hufika kwenye mlango huo, huingia mahali pa kalsiamu, na kwa kuwa ina chaji tatu badala ya mbili, hung'ang'ania. Mlango huziba. Kwa mwili ni balaa. Kwa mtafiti ni chombo cha kazi, kwa sababu ukiweza kuufunga mlango kwa makusudi unaweza kujua mlango huo hufanya nini.

Tangu miaka ya 1980 mwishoni maabara nyingi zimetumia gadolini kufunga milango inayofunguka seli inapovutwa au kubanwa. Kundi la Ardem Patapoutian huko California lilipotangaza mwaka 2010 protini zinazoitwa Piezo, ambazo huiwezesha seli kuhisi kubanwa, gadolini ilikuwa miongoni mwa vitu walivyotumia kuonyesha kuwa mkondo wa umeme waliouona unaweza kuzuiwa. Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 pamoja na David Julius. Kazi nyingine ni ya mwaka 1993, ilipotambuliwa protini inayopima kiwango cha kalsiamu katika tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo. Protini hiyo huamshwa na kalsiamu, lakini gadolini pia huiamsha. Watafiti wa ini nao huwapa panya kloridi ya gadolini ili kunyamazisha seli za ulinzi zilizo ndani ya ini, wapate kuona ugonjwa unavyokwenda bila seli hizo. Wanaochora maumbo ya protini kwa eksirei huloweka fuwele za protini ndani ya mchanganyiko wenye gadolini, kwa kuwa atomu nzito namna hiyo huonekana waziwazi na kuwapa mahali pa kuanzia hesabu zao.

Utaona basi kwamba kitu kinachofanya kazi hizo zote maabara hakiwezi kuchomwa mtu kikiwa huru. Suluhisho lilikuwa kukifunga. Kemia ina molekuli ziitwazo cheleti, ambazo zina mikono kadhaa inayoizunguka metali na kuikamata. Kampuni ya Schering ya Berlin iliomba hataza ya dawa ya namna hiyo mwaka 1981, wakitumia cheleti iitwayo DTPA. Mwaka 1984 madaktari wa Hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha picha za wagonjwa wa kwanza wenye uvimbe wa ubongo waliopewa dawa hiyo. Mwaka 1988 iliidhinishwa kwa jina la Magnevist. Mwaka uliofuata kampuni ya Guerbet ya Ufaransa ilileta Dotarem, yenye cheleti ya aina nyingine, DOTA.

Aina hizi mbili ndizo unazopaswa kuzijua hata ukisahau mengine yote. Fikiria kuku anayesafirishwa ndani ya tenga. Kuna tenga lililo wazi juu, mdomo umefungwa kwa kamba. Kuku hatoki kirahisi, lakini safari ikiwa ndefu na kamba ikilegea atapenya. Na kuna tenga lililosukwa pande zote bila mwanya. DTPA na jamaa zake ni tenga la kwanza: mnyororo ulio wazi unaoikumbatia metali. DOTA na jamaa zake ni la pili: duara lililofungwa, na gadolini imekaa katikati. Kwa mtu mwenye figo nzima, tenga la kwanza nalo hufika salama mara nyingi, kwa sababu safari ni fupi. Nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na karibu yote huwa imetoka kwa mkojo ndani ya siku moja.

Matatizo yalianzia kwa wagonjwa ambao figo zao hazikufanya kazi. Mwaka 1997 madaktari wa California walianza kuona wagonjwa wa kusafishwa damu ambao ngozi ya miguu na mikono ilikuwa nene na ngumu kama ubao, hata magoti na vidole vikashindwa kukunjika. Kwa wengine ugonjwa uliingia hadi kwenye misuli na viungo vya ndani. Ulielezwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2000, chanzo kikiwa hakijulikani. Mwaka 2006 ndipo daktari wa Austria, Thomas Grobner, alipoonyesha kuwa wagonjwa wake walikuwa wamepata gadolini kabla ya ngozi kukakamaa. Figo zisipofanya kazi, dawa huzunguka mwilini kwa siku nyingi, mikono ya cheleti hulegea, na metali hutoka. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye vifungashio. Mwaka 2017 mamlaka ya Ulaya ilisitisha kuchomwa mshipani kwa dawa kadhaa za tenga lililo wazi, na kuacha chache kwa ajili ya picha za ini. Tangu hospitali zilipoanza kuangalia figo kwanza na kuhamia kwenye dawa zilizofungwa pande zote, wagonjwa wapya wa aina ile wamekuwa wachache mno.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua figo zako. Kipimo kinaitwa kreatinini. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo nzima huichuja. Ikilundikana kwenye damu, figo zimechoka. Kipimo hiki hufanywa katika maabara za hospitali nyingi za wilaya na maabara binafsi, huhitaji damu kidogo tu ya mkononi, na mara nyingi majibu hutoka siku hiyo hiyo. Gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya MRI. Usiondoke na namba ya kreatinini peke yake. Waombe waandike pia eGFR, namba inayokokotolewa kwa kutumia kreatinini, umri na jinsia yako, inayoonyesha figo zinachuja kwa kasi gani. Watu wawili wenye kreatinini ileile, kijana mwenye misuli na bibi wa miaka 75 aliyekonda, wanaweza kuwa na figo zenye hali tofauti kabisa. Namba ya kuikumbuka ni 30. Ikiwa eGFR yako iko chini ya hapo, au unasafishwa damu, au figo zako zimeharibika ghafla kwa kuharisha sana, malaria kali au dawa fulani, mwambie mtaalamu kabla hajaandaa sindano.

Kuwa chini ya 30 hakumaanishi mlango umefungwa kabisa. Daktari anaweza kupiga MRI bila dawa, kutumia altrasaundi, au kutumia dawa iliyofungwa pande zote kwa dozi ndogo inayotosha. Mgonjwa wa kusafishwa damu hupangiwa kipimo muda mfupi kabla ya zamu yake ya kusafishwa. Baadhi ya miongozo ya kimataifa siku hizi inasema kuwa kwa dawa hizi salama zaidi kipimo cha figo si lazima kwa kila mtu. Mimi bado nakushauri ukipime, hasa ikiwa una kisukari, shinikizo la damu, umezidi miaka 60 au umewahi kuambiwa una protini kwenye mkojo. Matatizo ya figo hukaa kimya miaka mingi, na sindano hii isiwe ndiyo inayokufunulia.

Hatua ya pili ni kuuliza jina la dawa. Uliza kwa heshima na kwa uwazi: "Daktari, naomba kujua mnatumia kontrasti gani?" Jina la kikemia huandikwa kwenye kichupa, chini ya jina la biashara. Gadoterate, inayouzwa kwa majina ya Dotarem na Clariscan, gadobutrol yenye jina la Gadovist, na gadoteridol yenye jina la ProHance zimefungwa pande zote. Gadopentetate, ambayo ni ile Magnevist ya mwanzo, na gadodiamide yenye jina la Omniscan ni za mnyororo ulio wazi. Ukitajiwa mojawapo ya hizi mbili na figo zako ni nzima, usikimbie, lakini uliza kama wana nyingine. Ukitajiwa mojawapo na figo zako si nzima, kataa na urudi kwa daktari wako. Kwa maoni yangu, mgonjwa anayechomwa metali mshipani bila kuambiwa jina lake amenyimwa haki yake, hata kama hakuna baya lililomkuta.

Hatua ya tatu ni swali hili: je, kweli unaihitaji dawa hii? Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo yanayodhaniwa kutokana na diski, kwa goti lililoteguka na kwa vipimo vingi vya kiharusi, MRI bila dawa hutosha. Gadolini huhitajika pale daktari anapohofia saratani, usaha, kifua kikuu cha uti wa mgongo, maambukizi ya ubongo, au anapofuatilia mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa mgongo ili kutofautisha kovu na tatizo jipya. Ikiwa kwenye fomu yako pameandikwa kontrasti na huelewi sababu, mrudie aliyeandika. Swali hilo linaweza kukuokolea pesa na sindano.

Tukizungumzia pesa, bei hutofautiana sana kati ya hospitali ya umma na binafsi, na kati ya mji na mji, kwa hiyo piga simu kwanza. Nchini Tanzania hesabu ya MRI huenda kwenye laki kadhaa za shilingi. Nchini Kenya ni maelfu mengi ya shilingi. Unapopiga simu usiulize "MRI ni bei gani" tu. Taja sehemu ya mwili, kisha uliza bei ya picha, bei ya dawa ya kontrasti, bei ya kipimo cha kreatinini na bei ya kusomewa majibu, kila moja peke yake. Hapo ndipo watu hukwama: wamekuja na pesa ya picha, wanakuta dawa haimo. Kwa mwenye bima, iwe NHIF au nyingine Tanzania, au SHA iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya mnamo Oktoba 2024, uliza kama kipimo kinahitaji kibali cha awali na kama kibali kinajumuisha dawa. Mashine za umma si nyingi. Tanzania zipo, kwa mfano, Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kenya zipo Hospitali ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Moi mjini Eldoret. Kwa anayetoka mbali, pima damu ya figo nyumbani kabla ya safari. Utaepuka kulala mjini usiku mmoja wa ziada ukingoja majibu.

Siku ya kipimo, acha nyumbani vitu vyote vya chuma. Sumaku ya MRI haizimwi mtu anapotoka. Iko kazini usiku na mchana. Pini ya ushungi, vibanio vya nywele, wigi lenye klipu, hirizi yenye kasha la chuma, simu, funguo na kadi ya benki vyote vibaki nje. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au kipande cha risasi au cha chuma mwilini, hasa jichoni, aseme mapema, tena aseme mara mbili. Kuhusu chakula, kila kituo kina utaratibu wake, uliza wanapokupangia siku. Dawa zako za kila siku endelea nazo. Wenye kisukari wanaotumia metformini hawahitaji kuiacha kwa sababu ya gadolini. Agizo la kuiacha walilolisikia huhusu dawa ya ayodini inayotumika kwenye CT scan, nayo ni dawa nyingine kabisa. Vivyo hivyo, mzio wa samaki au kamba hauhusiani na gadolini. Lakini ikiwa uliwahi kuchomwa kontrasti ya MRI ukatokwa na vipele, ukavimba uso au ukabanwa pumzi, au una pumu kali, hilo ni la kusema kabla ya lolote.

Utawekewa kanula mkononi. Picha za kwanza hupigwa bila dawa, kisha unachomwa, kisha zinapigwa tena. Dozi hupimwa kwa uzito wako, kwa hiyo upimwe kilo siku hiyo hiyo. Kwa Dotarem kawaida ni mililita 0.2 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 hupata mililita 12. Gadovist ni nzito mara mbili, kwa hiyo mtu huyo huyo hupata mililita 6 tu. Nalitaja hili kwa kuwa nimewasikia wagonjwa wakilalamika kuwa wamepunjwa dawa, kumbe kiasi cha gadolini ni kilekile. Wakati wa sindano unaweza kuhisi ubaridi ukipanda mkononi, ladha ya chuma mdomoni au kichefuchefu kidogo, na hupita haraka. Ukihisi maumivu makali pale kwenye kanula, bonyeza ile kengele ya mkononi, maana huenda dawa inamwagika nje ya mshipa. Baada ya hapo kaa kituoni kama nusu saa. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, lakini ukitokea huja mapema, na ni vema ukukute penye wahudumu.

Mama mjamzito aseme kuwa ni mjamzito hata kama mimba ni changa. Gadolini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, kwa hiyo haitumiki wakati wa mimba isipokuwa pasipo njia nyingine. Mama anayenyonyesha, kinyume na anavyoambiwa mara nyingi, hana haja ya kukamua na kumwaga maziwa: kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 0.04 ya dozi, na tumbo la mtoto hufyonza sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Je, dawa yote hutoka? Karibu yote. Mwaka 2014 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Tomonori Kanda, waliripoti kuwa wagonjwa waliochomwa mara nyingi dawa za mnyororo ulio wazi walikuwa na weupe usio wa kawaida katika sehemu fulani za ubongo, na baadaye ikathibitika kuwa chembe za gadolini hubaki ubongoni na kwenye mifupa. Dawa zilizofungwa pande zote huacha kidogo zaidi. Hadi sasa haijathibitika kuwa mabaki hayo huwadhuru wenye figo nzima, na mamlaka ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2017 huku ikitaka wagonjwa wapewe maelezo ya maandishi. Ninachokichukua hapo ni kwamba kipimo cha lazima kifanyike bila woga, na kisicho cha lazima kisirudiwe kwa mazoea. Kunywa maji ya kutosha siku hiyo kama daktari hajakuzuia. Na kwa kuwa dawa hutoka kwenye mkojo bila kubadilika, mitambo ya majitaka huishindwa: tangu mwaka 1996 imeripotiwa kwenye mito ya Ujerumani, ukiwemo wa Berlin, mji ilikotengenezwa.

Kwa mwanafunzi wa maabara anayesoma makala haya, nina neno la kiutendaji. Usiyeyushe chumvi ya gadolini kwenye bafa ya fosfati. Gadolini na fosfati hukamatana na kuwa chembe nyeupe zinazozama, ukabaki na maji matupu ukidhani una dawa. Majaribio kadhaa duniani yameharibika kwa sababu hiyo. Bikabonati nayo ina shida hiyo. Tumia HEPES au bafa nyingine isiyoishika metali, na kumbuka kuwa albumini ya damu nayo huikamata. Kujua kama cheleti yako imeacha gadolini huru, weka matone ya zailenoli ya chungwa kwenye bafa ya asetati yenye pH 5.8. Rangi ikibaki ya manjano kuelekea chungwa, uko salama; ikigeuka zambarau, kuna metali iliyo huru. Vaa glavu, na masalia yasimwagwe kwenye sinki.

Utafiti wa kuisuka cheleti upya unaendelea. Mwaka 2000 kundi la Thomas Meade huko California lilitengeneza cheleti iliyozibwa kwa sukari, gadolini ikiwa haifikiwi na maji. Kimeng'enya fulani, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia, kikikata sukari hiyo, maji huingia na mahali hapo hung'aa. Waliijaribu kwenye viluwiluwi vya chura, wakaona ndani ya viumbe walio hai seli zipi zilikuwa zinatengeneza kimeng'enya hicho. Mwaka 2022 iliidhinishwa Marekani dawa mpya, gadopiclenol, inayotoa picha ileile kwa nusu ya dozi. Ukiikuta hospitalini kwenu, ni nzuri kwa wanaolazimika kupigwa picha mara kwa mara.

Ukimaliza kipimo, usiondoke na CD ya picha tu. Omba uandikiwe jina la dawa, kiasi ulichochomwa, tarehe, na eGFR yako ya siku hiyo, na karatasi hiyo uihifadhi pamoja na majibu. Daktari atakayekuandikia MRI nyingine miaka mitano ijayo, pengine katika hospitali nyingine na mji mwingine, hana njia nyepesi ya kuyajua hayo isipokuwa wewe umwonyeshe.